Mzee Kimya na Kelele Zake

Siku fundi makochi alipomwona Mzee Kimya kwa mara ya kwanza, alidhani amemkuta mtu anaua mbu.

Alikuwa ameitwa studio ya redio kuvalisha kuta. Kazi ya namna hiyo hakuwahi kuifanya. Yeye alizoea viti, makochi na magodoro. Lakini aliyemwita alimwambia ukuta wa studio ni kochi tu lililosimama wima, na fundi, ambaye ndiyo kwanza amefungua karakana yake, hakuwa na ubavu wa kukataa kazi. Akatupa robota la sponji begani, akasukuma mlango mzito kwa goti, akaingia. Ndani palikuwa na mwanamume mfupi, shati limechomekwa vizuri, kapanda juu ya meza. Mtu yule alipiga kofi kwenye kona, pa! Akatulia, kichwa kakiinamisha upande mmoja. Akashuka, akaisukuma meza mpaka kona ya pili, akapanda tena, pa! Akatulia.

Fundi alikuwa mtu wa haya. Tangu utotoni, kuanza mazungumzo na mgeni kulimtoa jasho kuliko kubeba kabati. Basi badala ya kusalimia na kujieleza, aliona heri aanze kwa kusaidia. Akatua robota lake, akaenda kwenye kona ambayo haijafikiwa, akakaza macho hewani, akapiga kofi lake na yeye. Pa!

Yule mtu akageuka. "Na wewe unafanya nini hapo?"

"Nakusaidia, mzee."

"Unanisaidia nini?"

"Mbu."

Mtu yule alimwangalia kwa muda. Hakucheka, ingawa midomo ilimcheza. Akashuka mezani, akaja mpaka kwenye ile kona. "Hebu rudia."

Fundi akapiga tena.

"Umesikia nini?"

"Kofi."

"Na baada ya kofi?"

Fundi akapiga mara nyingine, safari hii akasikiliza. Kweli, kofi lake lilikwenda mpaka ukuta wa mbali likarudi, jembamba, kama kuna mtu chumba cha pili anamwiga.

"Basi huyo ndiye mbu wangu," mzee akasema. "Nataka umvalishe sponji."

Hakuwa mzee kwa umri wakati ule. Nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Uzee alipewa na kazi. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitambo ya kurekodia, na kabla taa nyekundu haijawaka alipaza sauti neno moja tu, "Kimya!", na wapiga tarumbeta wenye mashavu kama vibuyu wakanywea kama watoto walioitwa na mama yao. Jina likaanzia hapo, likamganda. Hata mkewe alimwita Kimya, na akapenda kuwaambia wageni kwamba mumewe anamaliza sauti yote kazini kwa neno hilo, akirudi nyumbani hana hata ya kuomba chumvi.

Fundi aliifanya kazi ile kwa moyo wote, na ndipo alipoharibu. Alikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba yule aliyemwita alichagua mtu sahihi. Akapanga sponji juu ya sponji, nyuma yake akashindilia pamba, akavalisha kitambaa cha rangi ya kahawia, akakaza vifungo kwa mistari iliyonyooka kabisa. Ukuta ukawa na sura ya kochi la mtu mwenye cheo. Siku ya kujaribu chumba, akaja kiongozi wa bendi, mwimbaji mwenyewe, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye nyimbo zake ziliimbwa mpaka na watu waliokuwa wakisuguana kwenye foleni ya maji. Akasimama katikati, akatoa sauti ya kwanza, halafu akakatisha na kujishika koo.

"Nani kaniziba masikio?" akauliza. "Jamani, hiki si chumba, hili ni kabati la nguo. Naimba nahisi makoti yananitazama."

Bendi nzima ikaangua kicheko. Fundi alikuwa kwenye kona anakusanya mabaki ya kitambaa. Akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na mkasi wake.

Mzee Kimya akapiga kofi. Hakuna kilichorudi. Akapiga la pili, akatikisa kichwa. Angeweza kupiga kelele, au kwenda ofisini kulalamika, na mwenye haya akaishia kunyimwa kazi mji mzima. Badala yake akachukua koleo kwenye sanduku la fundi, akaanza kung'oa misumari ya ukuta mmoja kwa mikono yake mwenyewe.

"Umeua mbu wote, fundi," akasema kwa sauti ya chini. "Kosa ni langu, sikukwambia tunataka kuwaacha wachache. Shika upande huo tuvute pamoja."

Kuanzia siku hiyo fundi alimpenda mtu yule, kwa namna ambayo wanaume wenye haya hupenda: hakusema kitu, ila alianza kutafuta sababu za kupita studio.

Sababu ya kwanza ilikuwa mlango. Ulibaki bila kuvalishwa, na ilibidi aumalizie akiwa humo ndani huku bendi inafanya mazoezi. Sasa fundi makochi huweka misumari yake midogo mdomoni, ili mkono mmoja uvute kitambaa na mwingine ushike nyundo. Anaitema mmoja mmoja kwa ulimi kila inapohitajika. Kwa mtu wa haya hiyo ni kazi ya peponi, maana hakuna anayetarajia ujibu salamu. Mkewe alikuja kumsema baadaye: "Mume wangu akiwa na misumari mdomoni na asipokuwa nayo, ni yule yule." Basi alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango, misumari mdomoni, kopo lililojaa mingine juu ya goti, aliposikia lile neno.

"Kimya!"

Taa nyekundu ikawaka. Hayakuwa mazoezi tena. Fundi akaganda palepale alipokuwa.

Wimbo wenyewe ulikuwa *Rudi Kabla ya Mvua*, wa mwanamume anayemsihi mkewe arudi nyumbani. Gitaa likaanza pole pole, tarumbeta zikaingia, kiongozi akaimba kwa namna ambayo fundi alihisi anaambiwa yeye. Mguu ukaanza kufa ganzi. Ubeti wa pili ukapita, goti likaanza kutetemeka. Akajisemea moyoni, bado kidogo, bado kidogo. Kiongozi akafika mwisho, akavuta neno la mwisho mpaka likaisha lenyewe, vyombo vyote vikanyamaza, na katika utulivu ule kopo likamponyoka. Misumari ikamwagika juu ya sakafu ya mbao, ikaruka, ikadunda, ikasambaa mpaka miguuni kwa mpiga ngoma.

Kiongozi akafumbua macho, na macho yenyewe yalikuwa mekundu kuliko ile taa.

"Nitamla huyu mtu," akasema. "Turudie."

Mlango wa chumba cha mitambo ukafunguliwa. Mzee Kimya akatoa kichwa. "Haturudii. Njooni msikilize kwanza."

Wakasongamana kwenye chumba kile kidogo, fundi nyuma ya wote, misumari bado mdomoni kwa kuwa alisahau kuitema. Kanda ikarudishwa nyuma. Na pale mwisho, mtu anapomaliza kumsihi mkewe, ikasikika wazi kabisa: matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Mvua imefika na mke hajarudi. Kiongozi akaguna. Halafu akamgeukia fundi. "Kesho ukija, njoo na kopo kubwa zaidi."

Wimbo ule ukaenda kila mahali. Watu wakaandikia redio kuuliza ile mvua imepigwa kwa chombo gani, wengine wakabishana baa mpaka wakakunjana mashati. Fundi alisikia ubishi huo mara nyingi na hakuwahi kuingilia. Alipomweleza mchumba wake, ambaye ndiye aliyekuja kuwa mkewe, yule binti alimtazama kuanzia unyweleni hadi kwenye viatu, akasema, "Wanaume wengine hutongoza kwa gari. Wewe unakuja na misumari." Lakini aliolewa.

Ni baada ya wimbo ule ndipo Mzee Kimya alipomfunulia siri yake. Alimwita ndani mchana mmoja, akamkalisha kwenye kiti kinachozunguka, akamwekea wimbo baada ya wimbo. "Sikiliza hapa." Kiti cha mpiga besi kikalia, nyuma kabisa ya gitaa, kama panya. "Sasa hapa." Kijiko kikagonga glasi ya chai, na kwa bahati kikagonga pale pale ambapo pigo lilitakiwa. Kwenye wimbo wa harusi mtu alipiga chafya na waitikiaji wakaichukua kama wamepewa ishara. Katika kila wimbo aliouachia Mzee Kimya kulikuwa na kitu kimoja cha namna hiyo. Mtu aliyelipwa kunyamazisha watu alikuwa anachagua kelele kama mtu anavyochagua nyanya sokoni, akibonyeza hii na ile, akiacha mbovu, akichukua inayofaa.

"Kwa nini, mzee?" fundi akauliza.

Mzee Kimya akajikuna shingo. "Wimbo ukiwa msafi mno nashindwa kuamini kwamba kuna watu waliuimba. Nataka mtu akisikiliza ajue tulikuwepo. Tulikaa, tukanywa chai, tulikuwa na mafua."

Kisha akafunga mlango, ingawa hapakuwa na mtu, akaweka tena *Rudi Kabla ya Mvua*, ubeti wa pili. Pale mwimbaji anaponyamaza kidogo kabla ya kutaja jina la mkewe, palisikika mngurumo wa chini, mzito, mfupi. Fundi siku zote alidhani ni ngoma kubwa.

"Tumbo," Mzee Kimya akanong'ona. "La kiongozi. Huwa hali kitu kabla ya kuimba. Nilimwonyesha, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema liache. Mpiga ngoma amepongezwa kwa pigo lile mpaka sasa anaamini ni lake."

Miaka ikaenda. Studio ile ikahamishwa, bendi ikavunjika, kiongozi akafariki na akazikwa na umati. Mzee Kimya akastaafu, mkewe akatangulia, nywele zikawa nyeupe. Mchana alikuja kukaa karakanani kwa fundi, kwenye kochi lolote lililokuwa linasubiri mwenyewe, wakisikiliza redio. Hawakuongea sana. Mke wa fundi akileta chai alisema, "Mkutano unaendeleaje? Mmefikia wapi?" Mzee Kimya akajibu, "Tumefungua tu, mkwe wangu, ajenda bado." Wimbo wao ukipigwa, wote wawili waliinama kidogo kungoja, na kelele yao ikipita walitazamana, basi.

Halafu siku moja kiti cha mpiga besi kililia na Mzee Kimya hakutazama. Siku nyingine kijiko kikapita naye anatazama nje. Masikio ya mzee yalikuwa yanamtoroka, yakianza na zile sauti ndogo, zile zake hasa. Maneno ya mtu bado aliyapata akiona midomo.

Ndipo ulipofika ujumbe kutoka redio. Nyimbo za zamani zinatolewa upya, zikiwa zimesafishwa. Mkurugenzi, binti wa marehemu kiongozi, anaomba Mzee Kimya aje kuonyesha kila palipo na kelele, ili zifutwe.

"Utakwenda?" fundi akauliza, akihakikisha mzee anamwona mdomo.

"Nisipokwenda watafuta bila kujua wanafuta nini. Nikienda, nitawaeleza. Labda watazionea huruma." Akagusa sikio lake. "Shida ni moja. Siwezi tena kusikia zinapita. Watanirudisha nyumbani kabla sijafungua mdomo. Twende wote. Ukae karibu yangu, na sauti ikifika, unikanyage."

"Nikukanyage, mzee?"

"Taratibu. Siyo kama unaua mende. Na lile la tumbo uliruke. Marehemu alikuwa na heshima zake, na huyu ni mwanawe."

Walikwenda. Chumba kilikuwa kidogo, cheupe, na kompyuta badala ya mitambo. Mkurugenzi alikuwa na umbo la baba yake na sauti kama yake. Alimpokea Mzee Kimya kwa mikono miwili, akamwita baba, akamtafutia kiti. Kando yake alikaa mtaalamu mwenye ndevu, vidole juu ya kibonyezo.

"Baba, watu siku hizi wanasikiliza kwa vile vidude vya kuchomeka masikioni," mkurugenzi akaeleza. "Kila kikwaruzo kinawaingia kichwani. Nataka sauti ya baba yangu ibaki safi, peke yake. Tukimaliza kutia alama, tunabonyeza mara moja, zote zinaondoka."

Nyimbo zikaanza. Kiatu cha fundi kikakanyaga, Mzee Kimya akainua kidole: "Hapo." Akaeleza habari za mpiga besi, jinsi alivyogoma kubadilishiwa kile kiti kwa sababu alikiita mchumba. Mkurugenzi akatabasamu, akasema, "Tia alama." Kijiko kikapita, kiatu, kidole, na habari za aliyekuwa anakoroga chai. "Tia alama." Chafya. Mkurugenzi akacheka kwa sauti, fundi akapata matumaini. "Tia alama." Kila alama ilipotiwa Mzee Kimya alijikunja kidogo zaidi kwenye kiti, lakini aliendelea kueleza, na kila maelezo yalikuwa mafupi kuliko yaliyotangulia.

Ikafika *Rudi Kabla ya Mvua*. Ubeti wa pili ukapita na fundi akatulia kama alivyoagizwa. Mwisho ukakaribia. Mwimbaji akamaliza, vyombo vikanyamaza, misumari ikamwagika, na mguu wa fundi ukakataa kunyanyuka. Alijua analofanya. Aliona haya, lakini mguu ulikataa.

"Huu hauna kitu?" mkurugenzi akauliza.

Mzee Kimya akamtupia fundi jicho.

"Upo uchafu hapa mwisho," mtaalamu akasema, akinyooshea kioo cha kompyuta kidole. "Kanda imechakaa. Natia alama."

Neno lile likamchoma fundi. Kuchakaa! "Si kanda," akasema. Sauti ilimtoka nene kuliko alivyotaka, na wote wakageuka. "Ni misumari. Misumari yangu mimi. Nilikuwa navalisha mlango, kopo likaanguka, na marehemu akataka kunila, na huyu mzee ndiye aliyekataa kuifuta. Hizi mlizotia alama ni watu. Mkizifuta mnatufukuza chumbani." Mtu wa haya akishaanza kusema hajui breki ziko wapi. "Na ile ya ubeti wa pili mnayodhani ni ngoma, ni tumbo la marehemu baba yako."

Chumba kikawa kimya kama kile alichokishindilia pamba zamani.

Mzee Kimya alitazama nyuso zote, moja baada ya nyingine. "Kasema nini?" akauliza.

Mkurugenzi akamwangalia mzee, akakiangalia kiatu cha fundi kilichokuwa bado pembeni ya kiatu cha mzee, akaelewa. Hakulitaja. Akamwambia mtaalamu arudishe ubeti wa pili, aongeze sauti. Mngurumo ukaja. Akataka urudiwe. Ulipokuja tena, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kumtikisika, na haikujulikana mara moja kama ni kicheko au kilio.

"Nalijua," akasema. "Tumbo hili nalijua! Tulikuwa tunagombania na wadogo zangu nani ataweka sikio. Mama anasema, muacheni baba yenu apumzike, na sisi tunasema, tunasikiliza redio." Akajipangusa macho. Akavuta kiti chake akakaa ana kwa ana na Mzee Kimya, akasema pole pole ili midomo yake ionekane vizuri: "Ulijua siku zote kwamba ni tumbo lake, baba?"

"Nilijua. Alisema niliache."

Mkurugenzi akamgeukia mtaalamu. "Ondoa alama."

"Ipi?"

"Zote. Waache wote wakae."

Walipotoka nje, Mzee Kimya alisimama kwenye ngazi akashika mkono wa fundi. "Tumbo limesikika vizuri?"

"Vizuri kabisa, mzee."

"Na misumari?"

"Mpaka wa mwisho."

"Hukunikanyaga pale."

"Sikukukanyaga."

"Najua. Nilikuwa nangoja." Na akacheka mpaka ikabidi akae kwenye ngazi.

Baada ya hapo binti wa Mzee Kimya mwenyewe alimchukua baba yake akaishi naye. Fundi alimtembelea kila alipopata nafasi, na safari ya mwisho alikwenda na sanduku la vifaa, kwa sababu kiti cha mzee kilikuwa kimebonyea. Akabadilisha sponji, akavalisha kitambaa kipya, cha rangi ya kahawia kama ile ya ukuta wa studio. Mzee Kimya akakaa kujaribu. Kiti kikalia, kiiii, kirefu, na wajukuu waliokuwa sakafuni wakaanguka kwa kicheko. Fundi akaona aibu ya kazi mbovu. Akapiga magoti, akashika nyundo, akainua uso ili mzee amsome midomo.

"Kiungo kimelegea, mzee. Nikikaze?"

Mzee Kimya akainuka kidogo, akakaa tena kwa makusudi, macho yake kwa wale watoto.

"Kiache, fundi. Mimi sikisikii, lakini nikikaa wanacheka."